Mzazi, Maradhi ya Akili na Siku za Tauni

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba katika giza la matumbo ya mama zetu, akatujaalia riziki kabla hatujawa na mikono ya kuitafuta. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu mliokusanyika hapa, nanyi wasikilizaji mlio majumbani, na hasa nyinyi mabibi ambao sauti hii huwafikia jikoni na vyumbani: nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo mimbari zetu hulipita kimya. Mara nyingi tumehutubu juu ya haki za mama, na kila msikilizaji akatokwa na machozi kwa kumkumbuka mama yake mzee. Lakini mama huyo tunayemlilia huwa ni mama aliyekwisha kulea. Nani amemsemea msichana wa miaka ishirini na miwili aliyejifungua juzi, amelala ubavuni mwa mwanawe mzima wa afya, na moyoni anatamani angalikuwa amekufa?

Neno hilo lisiwashitue. Someni Suratu Maryam. Bibi Maryam, mama yake Nabii Isa, amani iwe juu yao, uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende akiwa peke yake, mbali na jamaa zake. Pale alitamani kuwa angalikufa kabla ya siku ile, akawa kitu kilichosahauliwa kabisa. Huyu ni bibi aliyeteuliwa na kutakaswa juu ya wanawake wa ulimwengu, na neno hilo limemtoka yeye. Tazameni basi jawabu alilopewa. Hakukaripiwa. Hakuambiwa kwamba imani yake imepungua, wala kwamba shetani amempanda, wala kwamba wenzake wamezaa na hawakusema hivyo. Alinadiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji yapitayo chini yake, akaambiwa autikise mtende umwangushie tende mbivu. Ale, anywe, jicho lake litulie. Na akikutana na mtu, ameruhusiwa asiseme naye. Maji, chakula, utulivu, na kuondolewa mzigo wa kujieleza mbele za watu: hayo ndiyo aliyotangulizwa, na maneno ya watu yakaachwa yangoje.

Mwanamke wa pili ni mama yake Nabii Musa. Suratul-Qasas yatueleza kuwa, baada ya kumtia mwanawe mtoni, moyo wake ulipambazuka ukiwa mtupu, na alikaribia kuitoa siri yake lau Mola wake asingeliutia nguvu moyo wake. Wafasiri wameeleza mengi kuhusu utupu huo. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waitazame aya inayofuata. Baada ya moyo wake kutiwa nguvu na Mwenyezi Mungu mwenyewe, bado alimwambia dada yake Musa amfuatie mtoto. Yaani imani ilikuwepo, ahadi ya kurudishiwa mwanawe alikuwa nayo, na juu ya hayo alihitaji mtu wa nyumbani mwake wa kumshikia jambo ambalo yeye hakuliweza saa ile.

Hayo mawili nayaweka mwanzo kwa sababu, ikhwani, mama mwenye mtoto mchanga anapougua moyo na akili, jambo la kwanza asikialo kwetu ni: mche Mungu, shukuru, wangapi wanatafuta mtoto hawapati. Na yeye amekwisha kujiambia hayo mara mia kabla hatujamwambia. Kila ayasikiapo huzidi kuamini kuwa yeye ni mama mbaya, na huzidi kuficha.

Sasa tuyajue maradhi yenyewe, kwa kuwa kulihukumu jambo kabla ya kulijua si katika adabu ya elimu.

Iko huzuni nyepesi ambayo huwapata zaidi ya nusu ya wazazi. Huanza yapata siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua: machozi bila sababu, kukasirika upesi, kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Hiyo hupita yenyewe, kwa kawaida kabla ya wiki mbili kwisha, akipata usingizi na watu wema.

Yako kisha maradhi ambayo Kiswahili cha matabibu siku hizi chayaita sonona. Haya hayapiti kwa wiki mbili. Mzazi huona kila kitu hakina ladha. Hali, au hula bila kujua alacho. Usingizi humpaa hata mtoto alalapo. Hujiona hana faida. Humtazama mwanawe kama mtoto wa jirani. Wengine badala ya huzuni huwa na khofu isiyokwisha, wakaamka mara kumi usiku kusikiliza kama mtoto anapumua. Nayo hayangoji kuzaa. Huanza hata mimba ikiwa bado, na sisi tukasema ni ukorofi wa mimba. Wala hayaishi na arobaini, kwani yaweza kuanza mwezi wa tatu au wa sita, wakati ambao wageni wamekwisha kuondoka na nyumba inamtarajia awe amerudi kazini mwake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa ulimwenguni kote wanawake 10 katika kila 100 wenye mimba, na 13 katika kila 100 waliojifungua karibuni, huwa na maradhi ya akili, na yaliyo mengi ni hayo ya sonona. Katika nchi zinazoendelea, ambazo zetu ni miongoni mwao, hesabu hupanda karibu 16 wakati wa mimba na karibu 20 baada ya kuzaa. Maana yake, katika kila wazazi watano mtaani mwenu, yumkini mmoja anayo.

Na la tatu ndilo zito: kichaa cha uzazi. Hili ni nadra, humpata mmoja au wawili katika wazazi 1,000, na huja kwa ghafula, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Mzazi huacha kulala kabisa wala haoni kuchoka, husema maneno yasiyoshikana, husikia sauti, huamini kuwa mtoto amebadilishwa, au kwamba ana alama ya ajabu. Hili ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, kama vile damu isiyokatika ilivyo jambo la hospitali. Mzazi huyu asiachwe peke yake, wala asiachwe peke yake na mtoto. Si kwa kuwa ni mwovu, bali ni kwa kuwa akili yake wakati huo haiko mikononi mwake. Na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, akitibiwa mapema, walio wengi hupona.

Wazee wetu, Mungu awarehemu, hawakuwa na majina haya, lakini walikuwa na dawa moja kubwa ambayo hawakuiita dawa. Mwanamke akijifungua waliacha kumwita kwa jina lake, wakamwita mzazi, na mzazi alilala arobaini. Mama yake alikuja, au alipelekwa kwa mama yake. Alikandwa kwa maji ya moto, akapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, akafukizwa udi. Mtoto alipolia usiku palikuwa na mkono mwingine wa kumwinua. Mkunga alipita asubuhi na jioni, na macho ya mkunga yalikuwa yakiona zaidi ya kitovu. Baadhi ya desturi za arobaini hazina asili katika sharia na nyingine ni za kuachwa. Hilo tumelisema siku nyingine. Lakini kiini chake, kwamba mwanamke asibaki peke yake na mtoto mchanga, ni hekima iliyookoa watu wengi tusiowajua.

Kiini hicho ndicho kilichovunjwa na Korona.

Mnakumbuka. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa maradhi yale yamekuwa janga la ulimwengu. Siku mbili baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 16 Tanzania ikatangaza wake. Hapa Kenya tulifungiwa usiku kuanzia tarehe 27 Machi. Tarehe 8 Aprili njia za kutoka na kuingia Mombasa, Kwale na Kilifi zikazuiwa. Na tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa kando yake. Misikiti ilikuwa kimya. Huko Makka mwaka ule Hija ikahijiwa na watu wachache mno, waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Hayo yote yameandikwa na yatasomwa na wajukuu wetu.

Yasiyoandikwa sana ni yaliyokuwa yakipita nyuma ya milango. Mama wa mzazi yuko Malindi, binti yake yuko Mombasa, na hapana njia. Mume hana kazi tangu hoteli zifungwe, yumo ndani mchana kutwa, naye ana khofu zake. Mwenye mimba aogopa kwenda kliniki asije akaleta maradhi nyumbani. Na khofu yake haikuwa ya bure, kwani imethibiti kuwa mwanamke mwenye mimba akipatwa na Korona huwa katika hatari ya kuzidiwa kuliko mwenzake asiye na mimba, na ya kuzaa kabla ya miezi kutimia. Uchungu ukimshika usiku, hapana gari wala pikipiki. Akifika, hospitali nyingi ziliwazuia jamaa mlangoni, akazaa bila mkono wa kushika. Kisha arudi nyumbani, na wanawake wa mtaa, ambao kwa desturi wangalijaza ukumbi, wamesimama barabarani wakimpungia mikono.

Na yule aliyekuwa mgonjwa tangu zamani, aliyekuwa akitumia dawa zake na kwenda kwa daktari wake kila mwezi, hali yake ilikuwaje? Oktoba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika nchi 130: 93 katika kila 100 ya nchi hizo zilikuwa na huduma za maradhi ya akili zilizokatika au kuyumba. Yaani mahitaji yalipopanda, milango ilifungwa.

Nimeruhusiwa na wenyewe kukusimulieni jambo moja, kwa sharti nisiwataje. Katika Ramadhani hiyo ya mwaka 1441, usiku baada ya Tarawehe ambazo kila mtu alizisali nyumbani kwake, alinipigia simu kijana mmoja. Mkewe alikuwa amejifungua siku ya tisa, mtoto wao wa kwanza. Alikuwa hajalala kwa siku tatu. Alikuwa akizunguka chumbani akisema kuwa mtoto aliye kitandani siye aliyemzaa. Mama wa binti alikuwa ng'ambo ya kizuizi, akilia kwenye simu. Kijana alitaka nimwandikie kombe, akaniuliza kama anaweza kuja kulichukua ingawa ni saa za marufuku.

Nilimwambia: "Mwanangu, kombe nitakuandikia, na kusoma nitasoma hapa nilipo. Lakini usije kwangu. Saa hizo unazotaka kuja kwangu, mpeleke mkeo hospitali."

Akasema, "Shekhe, hawatatupitisha."

Nikamwambia amgongee mlango mzee wa nyumba kumi. Mzee yule, Mungu amlipe, alitoka na kofia yake na tochi, akatangulia mbele ya gari la jirani mpaka kizuizini, akasema na askari, nao wakapitishwa. Jirani mwanamke alimpakata mtoto garini. Binti alitibiwa. Baada ya wiki sita nilisikia sauti yake kwenye simu, na nyuma ya sauti yake mtoto akipiga kelele. Hakukumbuka mengi ya siku zile. Alichouliza ni kimoja: kama alipata dhambi kwa maneno aliyoyasema juu ya mwanawe.

Nikamjibu kwa hadithi ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huianza nayo: kwamba kalamu imeondolewa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka irejee. Haukuandikwa ukurasa wowote juu yake katika siku zile. Alinyamaza kitambo, kisha akaniaga.

Najua wako wanaojiuliza: na jini? Sisi twaamini kuwako kwa majini, Qur'ani imethibitisha. Lakini kuamini kuwa jini yupo ni jambo moja, na kumsingizia kila homa ya akili ni jambo jingine. Mjini mwetu mzazi akichanganyikiwa, mara hupelekwa kwa mganga, akapungwa, akafukizwa, akashindishwa na njaa, na wengine, Mungu apishe mbali, wakapigwa ili jini atoke. Mimi huuliza: jini gani huyu anayeondoka kwa vidonge na usingizi wa siku tano? Kumsomea mgonjwa aya za Qur'ani ni sunna, na mimi husoma. Kumpiga mgonjwa ni haramu. Kumfunga kamba mama anyonyeshaye na kumnyima chakula kwa jina la dini ni dhulma, na atakayeifanya ataulizwa. Msomaji wa kweli hakasiriki akiambiwa kuwa daktari atangulie au waende pamoja. Akikasirika, jueni anachokitetea ni biashara yake.

Wala hili si jambo jipya lililoletwa na Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili, na kuwa huzuni ni namna mbili: iliyo na sababu ijulikanayo, na isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake aliitafuta mwilini. Miaka elfu na zaidi imepita. Mwaka 1284 huko Kairo Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa, na wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao ndani yake. Hao walikuwa Waislamu na walisali kama sisi tusalivyo.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu kwa wema wake, na shukurani ni zake kwa taufiki yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Yako maswali ambayo mabibi huniletea kwa barua na kwa simu, na mengi huyaleta kwa jina la "jirani yangu". Nitayajibu kwa ufupi yale niliyoulizwa zaidi.

Kuhusu saumu. Mwenye mimba na anyonyeshaye wameruhusiwa kufungua wakiogopa madhara, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, akijiogopea nafsi yake atalipa siku zake tu. Akimwogopea mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba kwa kila siku. Na mgonjwa wa akili anayetumia dawa ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Ziko dawa katika hizi ambazo mwili ukikauka maji hugeuka kuwa sumu. Basi asifunge kwa kuona haya mbele ya wifi zake. Amwulize daktari kabla ya Shaaban kwisha, na akiambiwa afungue, afungue, na moyo wake utulie.

Kuhusu dawa na mimba. Wako wanaotupa dawa zao zote siku wajuapo kuwa wana mimba, kwa kumwonea huruma mtoto. Huruma hiyo yaweza kumrudisha mama katika maradhi makali, na maradhi ya mama nayo humdhuru mtoto. Dawa nyingine kweli hazifai katika mimba, na nyingine zafaa, na ziko ambazo kiasi kidogo sana tu ndicho kipitacho katika maziwa. Kuzipambanua ni kazi ya daktari. Si kazi yangu, wala si kazi ya shangazi.

Kuhusu kunyonyesha. Maziwa ya mama yana fadhila isiyo na shaka, na hata katika siku za Korona Shirika la Afya Duniani liliwashauri mama waliopatwa waendelee kunyonyesha kwa tahadhari, na wasitenganishwe na watoto wao. Lakini katika Suratul-Baqara, palipotajwa miaka miwili ya kunyonyesha, Mwenyezi Mungu amekataza hapo hapo mama asitiwe madhara kwa sababu ya mwanawe, na akawaruhusu wazazi kumwachisha mapema wakiridhiana na kushauriana, na kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine. Mama akishindwa kwa sababu ya maradhi, asiambiwe kuwa amemnyima mtoto haki. Mola wake amekwisha kumpa nafasi.

Kuhusu sala. Mzazi aliye katika nifasi hasali, na yako masikitiko ya wanawake ambao katika siku hizo hujiona wametupwa mbali na Mungu. Nifasi kwetu yaweza kufika siku sitini. Katika siku hizo mlango wa dua na dhikri u wazi, na mgonjwa asiyeweza hata hiyo dhikri asijilazimishe. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha, kwa kujua uzito ulioupata moyo wa mama yake. Ibada ya umma mzima uliosimama nyuma yake ilifupishwa kwa sababu ya moyo wa mwanamke mmoja. Sisi maimamu tunaopenda kurefusha tulikumbuke hilo.

Na swali la mwisho ndilo zito: mzazi akisema anataka kujiua. Kujiua ni haramu, hilo analijua kila mtoto wa chuoni, naye mgonjwa analijua. Hatuna haja ya kumsomea hukumu. Tuna haja ya kukaa naye usiku huo, kuondoa dawa na visu karibu naye, na kumfikisha kwa tabibu. Msiogope kumwuliza wazi wazi kama ana fikira hizo. Wajuzi wamethibitisha kuwa kuuliza hakumtii mtu fikira hiyo, bali humfungulia kifua. Zamani watu walificha pia kwa kuogopa polisi, maana sheria ya Kenya ilihesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu, Nairobi, ilitamka kuwa kifungu hicho hakipatani na Katiba.

Sasa naelekea kwenu, wanaume. Nyinyi ndio mliokaa hapa mbele yangu.

Yako maswali kumi mepesi yaliyotungwa Uskoti mwaka 1987, ambayo mkunga au mwuguzi humwuliza mzazi ili kuijua sonona. Yamefasiriwa katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Mkeo apelekapo mtoto kuchanjwa, mwambie aombe kuulizwa na yeye pia. Mtoto hupimwa uzito kila mwezi, na mama aliyembeba hapimwi kitu.

Lakini nyumbani hayahitajiki maswali kumi. Yahitajika macho. Anakula? Analala mtoto alalapo? Lini mara ya mwisho alicheka? Amka wewe usiku umpakate mtoto, hutapungua uanaume. Mama yako akimsema kwa uvivu, jibu wewe. Usimwachie ajijibu mwenyewe. Na ukiwa ni mtu wa mkono mwepesi, jua kuwa kumpiga mwenye mimba ni katika sababu zijulikanazo za maradhi haya, kabla hata hatujafika kwenye dhambi yake. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiwaandalia wagonjwa na wafiwa uji mwepesi wa unga, uitwao talbina, kwa alivyomsikia Bwana Mtume (S.A.W.) kuwa waupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Wala halikuonekana kuwa jambo dogo lisilofaa kutajwa pamoja na mambo ya dini. Uji umeingia katika vitabu vya hadithi.

Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa vijijini karibu na Rawalpindi, nchini Pakistani, miongoni mwa Waislamu kama sisi, masikini kama sisi. Hawakuwa na madaktari wa akili wa kutosha. Wakawafundisha wanawake wa kawaida wa afya ya vijiji, waliokuwa wakizuru nyumba hadi nyumba, namna ya kukaa na mwenye mimba na mzazi aliye na sonona, kumsikiliza, kumsaidia kuzigeuza fikira zinazomvunja, na kuwaingiza jamaa zake katika jambo hilo. Mtoto alipofika miezi sita, katika kila mama 100 waliozuriwa kwa njia hiyo, 23 walikuwa bado na sonona. Katika kila 100 waliozuriwa kwa kawaida tu, walikuwa 53. Hapakuwa na jengo jipya. Palikuwa na mwanamke aliyefunzwa, amekaa kitako kwenye mkeka. Katika kila msikiti wetu ipo jumuiya ya akina mama. Nashauri, na hili nimelipeleka kwa kamati, kuwa wawili au watatu kati yao wapelekwe kwa wauguzi wa kaunti wakafunzwe, na nauli yao itoke katika sanduku la Ijumaa.

Na tauni ikirudi? Korona, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa si dharura ya ulimwengu tena, ingawa virusi vyenyewe havijaondoka. Mengine yatakuja, kwani yamekuja tangu zama za masahaba. Mnakijua kisa cha Sayyidna Umar na tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, mwaka wa 18 wa Hijra. Alipofika Sargh akaambiwa kuwa maradhi yameingia, akashauriana na watu, tabaka baada ya tabaka, kisha akarejea. Abu Ubayda alimwuliza kama wanakimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kuwa wanaikimbia kadari kwenda kwenye kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye mabonde mawili, moja lina majani na jingine kavu. Popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Basi kufunga mipaka kuna asili katika dini yetu, na aliyevaa barakoa hakupungua tawakali.

Lakini aliyefunga mlango na aangalie ni nani aliyebaki ndani. Katika Nairobi ya Aprili 2020, daktari mmoja wa uzazi, Bi Jemimah Kariuki, aliona wenye uchungu wakipungua wodini usiku, akajua kuwa hawakuacha kuzaa, ila hawafiki. Akajitolea, na kutokana na wito wake ikapatikana namba ya simu na magari ya kuwachukua bure saa za marufuku. Alitazama kitanda kitupu akauliza mwenyewe yuko wapi. Kila mtaa wetu uwe na orodha ya wenye mimba na wazazi wake, ijulikane tangu leo ni nani atakayeruhusiwa kuingia kwa kila mmoja wao, mtu mmoja, yule yule, aliyejitenga na watu wengine, siku milango itakapofungwa tena. Kazi hii ni ya mzee wa nyumba kumi na imamu wa msikiti wa karibu, na haihitaji fedha.

Ewe Mola wetu, mponye kila mzazi aliyelala leo macho yakiwa juu ya dari. Mrudishie usingizi wake, na umjaalie mtu wa kumgongea mlango. Wahifadhi watoto walio matumboni na walio vifuani. Warehemu waliokufa katika uzazi siku za Korona, tuliowazika bila kuwasindikiza, na uwahesabu katika mashahidi kama alivyotufundisha Mtume wako. Amin.

Simameni, nyosheni safu.